Kitambaa Ni Swali la Tatu: Kubuni Vifaa vya Mlimani Vinavyodumu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na mwenzangu tumeanza kubuni mashanta na majaketi ya wapanda milima na wakwea miamba. Tunataka vitu vinavyodumu na visivyo mzigo kwa mazingira. Wauzaji wa vitambaa wanatuchanganya: mmoja anasifu poliesta ya chupa zilizorejelezwa, mwingine nailoni nzito ya denia 1000, wa tatu ana kitambaa chepesi kama karatasi anachoapa hakichaniki. Tuchague kipi? Na je, ni busara kumwandikia mteja “dhamana ya maisha”?

Jibu: Marahaba. La kitambaa nitalijibu, lakini si sasa, maana kwangu kitambaa ni swali la tatu. La kwanza ni hili: kitu hiki kitafia wapi? La pili: kikifia hapo, nani ataweza kukifufua, na kwa zana gani? Ukishayajibu hayo mawili, kitambaa karibu kinajichagua chenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu ya meza yangu. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa nusu kubuni na nusu kutengeneza vilivyoharibika, na hii nusu ya pili ndiyo iliyonifundisha ile ya kwanza. Kifaa kikiletwa kwangu kikiwa “kimekufa”, mara nyingi kitambaa chake ni kizima. Kilichokufa ni kitu kidogo cha pembeni, na kimekizika kizima pamoja nacho.

Chukua jaketi moja la mvua, la tabaka tatu. Mabega hayajachubuka, mishono imetulia. Zipu ya mbele ilikuwa ikifunga halafu inaachia nyuma ya kichwa, kama mtu anayefunga mlango huku mwenzake akiufungua. Mwenyewe alidhani meno yameisha. Nikapitisha ukucha kwenye meno kuanzia chini hadi shingoni: yote yamo, yamesimama sawasawa. Nikakichomoa kichwa cha zipu na kukilinganisha na kipya kwenye mwanga wa dirisha. Taya za kile cha zamani zilikuwa zimeachana kwa unene wa unywele, labda nywele mbili. Basi. Hicho ndicho kilichotaka kulitupa jaketi zima.

Kichwa cha zipu kwa kawaida humiminwa kwa aloi ya zinki, ambayo ni metali laini. Vumbi la mlimani nalo ni mawe yaliyosagika. Kila unapopandisha zipu yenye vumbi unakipiga msasa kichwa kwa ndani, hadi kinashindwa kuyabana meno yashikane. Ukikibana kidogo kwa koleo, upande huu na upande ule, kitarudi kazini kwa safari mbili tatu, kisha kitaachia tena. Dawa ni kukibadilisha, na kukibadilisha ni kazi ya dakika kumi, mradi aliyebuni jaketi ameruhusu.

Yule hakuruhusu. Ncha ya juu ya zipu alikuwa ameizika ndani ya kola, kola ikashonwa, na juu ya mshono ukabandikwa utepe wa kuzuia maji. Ili kukitoa kidude cha gramu chache nilipaswa kulainisha utepe kwa hewa moto, kufumua kola, kushona upya, kisha kubandika utepe mpya na kuomba ushike. Dakika kumi zikawa saa tatu. Katika warsha nyingi mtu angeambiwa tu haifai kutengeneza, anunue lingine.

Kwa hiyo, kabla hamjachora mstari wa kwanza wa jaketi lenu, amueni zipu itatokaje. Acheni ncha moja inayofikika kwa kufumua mishono michache, mahali pasipo na utepe. Zipu ishonwe, hizi za kubandikwa kwa gundi na joto zinapendeza dukani, lakini bado sijafurahi hata siku moja kuiona ikiletwa mezani kwangu. Kwa zipu kuu tumieni namba kubwa kuliko mnavyodhani inatosha. Namba hiyo, 3, 5, 8 au 10, inakaribia upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita, na zipu ya namba 3 mahali pake ni mfuko wa ndani. Kisha chagueni aina inayopatikana kila mahali. Kampuni ya Kijapani ya YKK, iliyoanzishwa mwaka 1934, imejaa kwenye vifaa vya mlimani, na faida yake kwa fundi ni ya kawaida kabisa: vichwa vyake vya akiba vinapatikana. Hiyo zipu ya pekee yenye nembo yenu, ambayo kiwanda kinaweza kuacha kuitengeneza mwakani, ni kaburi mnalolichimba wenyewe.

Sasa shanta. Shanta halifi popote tu. Lina mahali pake pa kufia, na ukiyaona kumi yaliyochakaa utayajua bila kufundishwa. Kwanza ni pembe za chini, pale linapotupwa juu ya mwamba na kuburutwa. Pili ni pale mikanda ya mabega inapoungana na mgongo. Tatu ni bizimu ya kiunoni, inayokanyagwa au kubanwa na mlango wa gari. Nne, kwa wanaobeba skii pembeni, ni ubavu unaosuguliwa na makali ya chuma.

Pembe za chini zinachakaa kwa sababu wabunifu wengi huweka mshono palepale kwenye ukingo, maana ndipo vipande viwili vinapokutana kwenye mchoro. Mshono uliokunjwa ni mnene, unatokeza, na kinachotokeza ndicho kinachosugua mwamba kwanza. Uzi unakatika, kisha pindo linafunguka, na mwenye shanta anaona tundu anasema kitambaa ni kibovu. Kipandisheni kitambaa cha chini kiikunje pembe na kukutana na ubavu sentimita kumi au kumi na tano juu. Hapo mshono haugusi ardhi. Mabadiliko hayo hayaongezi uzito wa kuonekana kwenye mizani, na kwa uzoefu wangu yanazidi faida ya kutoka denia 500 kwenda 1000.

Denia yenyewe ieleweni vizuri, kwa sababu wauzaji wanaitumia kama fimbo. Ni uzito wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa gramu. Uzi wa denia 500, mita zake 9,000 zina gramu 500. Wa denia 210 zina gramu 210. Inakwambia unene wa uzi, basi. Haikwambii umefumwa vipi, umepakwa nini, wala kama ni nailoni au poliesta. Tena kuchubuka na kuchanika ni magonjwa mawili tofauti. Kitambaa kinaweza kustahimili msuguano siku nzima halafu kikichomwa na tawi kinachanika kama gazeti. Kingine chepesi, kilicholoweshwa silikoni pande zote, ni vigumu kukichana kwa sababu nyuzi zake zinateleza na kujikusanya mbele ya tundu, zinabeba mzigo kwa pamoja. Ila ukikiburuta kwenye mwamba wa chembe kali hakifiki jioni. Huyo muuzaji wenu wa tatu huenda hakudanganya. Amejibu swali moja kati ya mawili.

Mnaposhona mikanda ya mabega, jaribu la kutia mishono mingi ni kubwa. Jizuieni. Kila tundu la sindano ni uzi wa kitambaa uliojeruhiwa, na mishono iliyosongamana inageuka mstari wa vitundu kama ule wa kuchania stempu. Kwa kitambaa kizito, mishono mitatu au minne kwa sentimita inatosha. Nguvu itoke kwenye upana wa eneo lililoshonwa na kwenye barteki, ule mshono mfupi mzito wa kwenda na kurudi unaofunga ncha. Kati ya mkanda na kitambaa cha mgongo wekeni kipande kingine cha kugawa mzigo. Na uzi uwe dhaifu kidogo kuliko kitambaa. Mwanafunzi wangu mmoja alinibishia sana hapa, akaleta uzi mnene ajabu. Tulivuta sampuli mbili hadi zikaachia. Yangu ilikatika uzi, kitambaa kikabaki kizima, tukashona tena palepale. Yake uzi ulibaki salama na kitambaa kikararuka kuuzunguka, na hapo hapakuwa na pa kushonea. Hakubisha tena, ila alinuna.

Bizimu ni rahisi: zipo zenye mpasuo pembeni zinazoingia kwenye mkanda bila kufumua kitu. Tumieni hizo, kwa upana wa mkanda uliozoeleka, 20 au 25 au 38 mm. Mtu aliye siku mbili mbali na barabara ataibadilisha kwa vidole vya baridi.

Hapa niseme jambo la kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti ili kukanyaga barafu, maana mtabuni na suruali siku moja. Meno ya chuma ya mguu mmoja hukata kitambaa cha mguu wa pili, kwa ndani, juu kidogo ya kifundo. Hutokea kwa kila mtu, hata aliyebobea, akichoka. Kiraka cha hapo msikifanye sehemu ya suruali. Kishoneni juu yake kwa uzi wa rangi tofauti, ili yeyote mwenye wembe na sindano aone kinaanzia wapi na kinaishia wapi, akitoe, aweke kipya. Rangi ile tofauti wateja huidhania pambo.

Kuna kifo kingine ambacho hakihitaji mlima. Hema lilikuja kwangu likiwa limetumika, kwa maelezo ya mwenyewe, mara nne tu. Alikuwa ameliweka stoo miaka mingi, amelikunja vizuri. Nilipofungua mfuko harufu ilitangulia, ile kali ya matapishi na jibini bovu, kabla sijagusa kitu. Kitambaa kilikuwa kimegandana. Kila kunjo nililolifungua lilitoa mlio wa plasta inayobanduliwa, na rangi ya ndani ikabaki vidoleni kama ulimbo. Hiyo ni hidrolisisi: unyevu wa hewani unaikata minyororo ya poliurethani, ile plastiki ya kuzuia maji iliyopakwa kitambaani, kidogokidogo, iwe hema limesimama mlimani au limelala kabatini. Joto na unyevu vikikutana kazi inakwenda haraka. Ugonjwa huohuo ndio unaomega soli za buti. Mtu anayatoa buti yake ya miaka minane, hayana hata mkwaruzo, na saa ya pili njiani soli ya kati inavunjika kama keki.

Mbunifu ana la kufanya hapa. Poliurethani si moja. Iliyojengwa kwa poliesta hushambuliwa upesi na maji. Iliyojengwa kwa poliitha huyastahimili zaidi, ingawa yenyewe ni dhaifu mbele ya jua. Muulizeni msambazaji kwa maandishi ni ipi, naye asiyejua msinunue kwake. Silikoni haina ugonjwa huo, lakini ina usumbufu wake: utepe wa kawaida wa mishono hauishiki, itabidi mpake silikoni ya majimaji kwa brashi. Na kwa buti, kama mtafika huko, soli iwe ya kuweza kubanduliwa na kuwekwa nyingine. Lebo ya ndani imwambie mtu jinsi ya kuhifadhi: pakavu, pasipo joto, kitu kisikunjwe na kubanwa kwa miezi. Sentensi moja kama hiyo nadhani imeokoa vitu vingi kuliko kitambaa chochote cha gharama.

Mvua sasa, na hapa uimara na mazingira vinagombana waziwazi. Mwaka 1969 mvumbuzi Mmarekani Bob Gore alivuta kwa ghafla fimbo ya PTFE, plastiki ijulikanayo kama Tefloni, iliyopashwa moto, ikarefuka badala ya kukatika, na ndani yake yakabaki matundu madogo mno: mvuke wa jasho unapita, tone la maji halipiti. Jaketi la kisasa la mlimani lilianzia hapo. PTFE ni ya jamii ya kemikali za florini, PFAS, na dawa za kufukuza maji zilizopakwa juu ya majaketi kwa miongo kadhaa zilikuwa za jamii hiyohiyo. Uzuri wake ndio ubaya wake. Kifungo kati ya kaboni na florini ni kigumu kiasi kwamba hakuna kinachokivunja kwa urahisi, si mvua, si jua, si bakteria wa udongoni. Kinachotoka kwenye jaketi kinabaki duniani.

Sheria zimeshazifikia kemikali hizi. PFOA, mojawapo ya kemikali hizo, iliingizwa mwaka 2019 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zenye sumu zisizooza. California imepiga marufuku PFAS kwenye nguo mpya kuanzia Januari 1, 2025, na nguo za nje za mvua kali zimepewa muda hadi 2028. Ufaransa inafuata kwa nguo kuanzia Januari 2026. Hata nta za skii zenye florini, Shirikisho la Kimataifa la Skii lilizipiga marufuku mashindanoni tangu msimu wa 2023/24. Kampuni ya Gore yenyewe imeleta utando, yaani lile tabaka jembamba la kuzuia maji ndani ya jaketi, wa poliethilini usio na florini. Kwa hiyo msianze biashara mpya kwa kemikali inayofungiwa milango.

Lakini mwambieni mteja ukweli. Dawa zisizo na florini zinafukuza maji vizuri, mafuta haziyawezi. Jasho, mafuta ya ngozi, krimu ya jua, moshi wa jiko, vyote vinashika juu ya kitambaa, na penye mafuta maji hayaviringiki tena. Kitambaa cha nje kinalowa chepechepe. Utando ulio chini yake bado ni mzima, haupitishi tone, ila mvuke umekosa njia. Jasho linageuka maji ndani, mtu anajishika mgongoni na kusema jaketi linavuja. Analitupa. Nimeyafua majaketi ya namna hiyo kwa sabuni isiyo na kilainishi, nikayasuuza mara mbili, nikayapasha joto dogo kwenye mashine ya kukaushia, na matone yakaanza kuviringika mbele ya macho ya mwenyewe aliyeshaagiza jipya.

Maana yake kwa mbunifu: jaketi lisilo na florini ni jaketi la kufuliwa mara kwa mara, na lazima lijengwe kwa ajili hiyo. Gundi ya matabaka iwe imejaribiwa kwa kufuliwa mara nyingi, si mara tano. Sehemu zinazoshika mafuta, yaani ndani ya kola na kidevuni, ndipo utando unapoanza kubanduka na kutoa malengelenge. Pavisheni bitana ndogo inayoweza kufumuliwa na kubadilishwa. Maagizo ya kufua msiyaandike kwa woga. Lebo nyingi zinaonya mpaka mtu anaona salama zaidi kutofua kabisa, na kutofua ndiko kunakoliua.

Haya, kitambaa.

Sehemu kubwa ya madhara ya vazi la mlimani hutokea kabla mteja hajalivaa: kutengeneza uzi, kufuma, kupaka rangi, kupasha joto. Hesabu ya kwanza ya mazingira basi ni kugawa madhara hayo kwa miaka ya matumizi. Kitambaa kilichorejelezwa kinachodumu nusu ya muda hakijaokoa kitu. Ndiyo maana chupa zilizorejelezwa hazinipi msisimko wanaoupata wauzaji. Chupa ya plastiki inaweza kugeuzwa chupa tena, mara kadhaa. Ikishakuwa jaketi, hasa lenye uzi wa kunyumbuka ndani yake, safari yake kwa kawaida imeishia hapo. Sikatai kuitumia. Poliesta iliyorejelezwa vizuri ina nguvu ya kutosha kwa bitana, kwa hema, kwa sufu bandia. Daini ripoti ya nguvu ya kukatika ya kitambaa chenyewe, si ya jamaa yake, na kurejelezwa huko msikufanye kuwa sifa kuu ya bidhaa.

Kwa shanta ningechukua nailoni. Inastahimili msuguano kuliko poliesta ya unene uleule. Kwa kitambaa cha juu cha hema ningechukua poliesta, kwa sababu nailoni hunyonya maji na kulegea usiku wa mvua, hadi kamba zote zinahitaji kukazwa upya, na jua linaichosha mapema. Mnaona sasa kwa nini “kipi ni bora” hakina jibu kabla hatujajua kitu kitafia wapi.

Na nailoni zenyewe ziko mbili zinazowahusu. Nailoni 6,6 ni ngumu kidogo zaidi na huyeyuka kwenye joto la juu zaidi. Inatengenezwa kwa asidi ya adipiki, na utengenezaji wa asidi hiyo, kiwanda kisipokuwa na mtambo wa kukamata gesi, hutoa naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto mara 270 hivi ya kilo ya kaboni dioksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Nailoni 6 ina sifa nyingine niipendayo: inaweza kuvunjwa kikemia irudi kuwa kaprolaktamu, ile malighafi yake ya mwanzo, kisha ikafumwa upya bila kupoteza nguvu. Nyavu kuukuu za uvuvi na mazulia hurejelezwa kwa njia hiyo, na kampuni ya Aquafil ya Italia inafanya hivyo kibiashara tangu 2011. Hiyo ndiyo nailoni ya kurejelezwa ninayoweza kumpa mtu bila kusita. Kama ningekuwa ninyi: nailoni 6 iliyorejelezwa, denia 210 yenye miraba ya kuzuia mchaniko kwa mwili wa shanta, denia 500 kwa kitako na ile sehemu inayopanda ubavuni. Denia 1000 waachieni wanaobeba matofali. Rangi itiwe kwenye plastiki kabla ya kuvutwa kuwa uzi. Inatumia maji machache sana kuliko kuchovya kitambaa, na jua haliifubazi haraka. Shida ni kwamba viwanda vya namna hiyo vinataka oda kubwa ya rangi moja, nanyi ndio mnaanza. Chagueni rangi mbili mtakazokaa nazo miaka kumi. Mtakuwa pia mmetatua tatizo la viraka.

Mpaka hapa nimesema tengeneza, fumua, badilisha. Kuna vitu ambavyo maneno hayo hayavigusi. Kamba, mkanda wa kukwelea, kitanzi cha kujifungia, chochote kinachobeba uhai. Huko kuna viwango vya UIAA, shirikisho la kimataifa la upandaji milima, na vya Ulaya, na havina mjadala: kamba ya kukwea ya kutumiwa peke yake, si kwa jozi, lazima istahimili angalau maanguko matano ya mzigo wa kilo 80 kwenye mtambo wa majaribio, na anguko la kwanza lisitoe mshtuko unaozidi kilonyutoni 12, na karabina, ile pete ya metali yenye mlango wa springi, ishike angalau kilonyutoni 20 kwa urefu wake, karibu uzito wa tani mbili. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 kwa vya nguo hata kama havijatumika. Mwaka 2006 Todd Skinner, mmoja wa wakwea miamba hodari wa Marekani, alikufa akishuka mwamba wa Leaning Tower huko Yosemite, California, baada ya kitanzi cha mbele cha mkanda wake, kilichokuwa kimechakaa, kukatika. Alijua kwamba umechakaa. Kwa vifaa hivi ubunifu mzuri ni ule unaomlazimisha mtu aone: uzi wa ndani wa rangi kali unaojitokeza ganda likichakaa, tarehe ya kutengenezwa mahali ambapo jasho halitaifuta. Kwa sasa msivishone. Mashanta na majaketi yanawatosha.

Na kudumu kuna kinyume chake, niwasimulie hiki kwa kuwa mmesema mazingira. Yvon Chouinard, mkwea miamba wa Marekani, alianza mwaka 1957 kufua misumari ya kukwelea ya chuma kigumu, iliyoweza kupigwa ufani, kung'olewa, na kupigwa tena kwingine mara nyingi sana. Ile ya Ulaya ilikuwa laini, ya kupigwa na kuachwa. Ungesema chuma chake ndicho rafiki wa mazingira. Ila kila kilipong'olewa kilimega mwamba kidogo, na njia maarufu za Yosemite zikaanza kutoboka. Mwaka 1972 katalogi ya kampuni yake ikawahimiza wateja waache misumari, bidhaa iliyokuwa ikiilisha kampuni, wahamie kwenye vipande vya alumini vinavyokabwa ufani kwa mkono na kutolewa kwa mkono. Kifaa kilikuwa hakifi. Kilichokuwa kinakufa ni mwamba. Kwa hiyo mkikiweka kifaa mezani na kuuliza kitafia wapi, mwamba nao uwe mezani.

Sasa la dhamana. Neno “maisha” msiliandike. Kampuni nyingi zikiahidi hivyo, kinachofanyika kikiletwa kibovu ni kutoa kipya na kukitupa cha zamani, kwa sababu ni rahisi kuliko kushona. Mteja anafurahi, na dampo linaongezeka kitu kimoja chenye kitambaa kizima. Andikeni ahadi ya kazi: kichwa cha zipu, bizimu, barteki iliyoachia na kiraka cha kitako tutavirekebisha, kwa miaka kadhaa mnayoiweza kweli, na baada ya hapo tutawauzia vipuri wale watakaotaka kushona wenyewe. Kisha jengeni uwezo wa kuitimiza. Katika kila robota la kitambaa mnalofungua, kateni mita tano za akiba, ziandikwe namba ya oda, ziwekwe mbali na jua. Karatasi za kukatia vipande msizitupe mkibadilisha toleo. Vichwa vya zipu nunueni mia ya ziada mara ya kwanza, wakati mnajua ni namba gani.

Na kabla ya kuagiza chochote, tafuteni mashanta matatu ambayo watu wameyaacha, ya chapa yoyote, yafumueni kwa wembe kipande kwa kipande, mchore alama nyekundu kila mnapokuta uzi uliokatika. Nitumieni picha za alama hizo pamoja na mchoro wenu wa kwanza, vikiwa kando kwa kando.